Kuulizia Kitanda Kimoja

Siku ya kuniaga kazini, Hodan alinipa daftari badala ya saa ya ukutani, akasema, "Mama Aisha, andika. Usipoandika tutakuwa tunakupigia simu." Kwa kuwa nazijua simu za Hodan, nimeona afadhali kuandika. Brian, mwenzake wa ofisini, naye kaahidi atasoma, ingawa Kiswahili chake ni cha Nairobi na changu ni cha Mombasa, na katikati yetu pana maneno mengi yaliyokufa njiani.

Nilikaa miaka ishirini na miwili katika ile ofisi ya safari pale Hopkins, kando ya Minneapolis, baina ya duka la kufulia nguo na fundi wa cherehani. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini kwa sababu sikupandishwa. Ofisi ilikuwa na meza tatu na cheo kimoja, nacho kilikuwa cha Doreen, mwenye ofisi.

Kabla ya hapo nilikuwa kiwandani Plymouth, nikipanga mirija ya hospitali kwenye masanduku, mirija mia kila sanduku, nimesimama tangu asubuhi hadi jioni. Kwetu Mombasa nilikuwa nimekata tiketi miaka kumi na moja, tangu zama za kuandika kwa mkono na karatasi ya kaboni. Basi nilipoona kikaratasi kwenye kioo cha ofisi ile kwamba anatakiwa mtu anayeijua kazi, niliingia na mtandio wangu na koti la kuazima. Doreen alikuwa mama wa makamo, mnene, aliyelelewa kwenye shamba la ng'ombe kaskazini mwa jimbo. Sauti yake ilikuwa bado ya kuwaitia ng'ombe. Aliniuliza maswali matano ya kazi, nikayajibu. Halafu akavua miwani.

"Wateja wangu wengi ni wanaume wanaoishi na wanaume, na wanawake wanaoishi na wanawake," akasema. "Na mimi nyumbani nina Pat, ambaye si ndugu yangu. Litakusumbua hilo?"

Nikamuuliza, "Wana pasipoti?"

"Wanazo."

"Basi ni wasafiri."

Alicheka mpaka fundi wa cherehani akagonga ukuta. Lakini nisiwadanganye, jibu lile lilikuwa la mdomoni. Nyumbani nilikaa nalo siku tatu. Lugha yangu ina maneno ya kuwaita watu hawa, na mengi ni ya kutemewa mate. Hata neno shoga, ambalo kwetu mwanamke humwita mwenzake wa kufa na kuzikana, likitoka kinywani mwa mwanamume huwa tusi. Mume wangu, Salim, aliniambia watu watasema. Nikamwambia watu husema hata ukiuza mbaazi. Naye akaniuliza swali ambalo nalishukuru mpaka leo: "Wewe unakwenda kule kuwa kadhi au kukata tiketi?" Jumatatu nikaanza.

Siku yangu ya kwanza Doreen alikuwa kwa daktari wa meno. Saa nne asubuhi wakaingia wazee wawili, Walter na Lyle. Walter alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, na Lyle alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Waliniona mimi na mtandio wangu, wakatazamana. Walter akaniuliza, "Doreen yuko?" Nikamwambia hayuko, nipo mimi. Akasema watarudi siku nyingine, wakatoka.

Kilichonipa wateja wale ni baridi. Basi lilikuwa limeshaondoka, na nje palikuwa na baridi ya kugandisha kope. Dakika nne baadaye wakarudi, masikio mekundu, wakasimama karibu na mlango kama watu wanaongoja mvua ipite. Nikawasogezea viti. Nikamimina chai niliyokuja nayo, ya tangawizi na iliki. Lyle alipomaliza kikombe akauliza kama nazijua hoteli za pwani ya Meksiko. Nikasema sizijui lakini simu naijua.

Nikapiga mbele yao. Kijana wa hoteli akaniambia, "Mabwana wawili, vitanda viwili." Nikamwambia hapana, kimoja, kikubwa. Akanyamaza. Akarudia, "Mabwana wawili?" Nikamwambia, "Bwana, hawa ni watu wazima wa miaka sabini. Nyumbani kwao wana kitanda kimoja, na huko wanataka kulala, si kuhesabu vitanda." Akacheka, akaandika. Walter alivua kofia. Ndipo nilipoziona nywele zake kwa mara ya kwanza, nyeupe na nyembamba kama za mtoto.

Doreen aliporudi, nusu ya uso imekufa ganzi kwa sindano, nilimweleza. Akaniambia nimepata lile ambalo hukaa mwaka mzima kumfundisha mtu. Yeye na Pat waliwahi kufika hotelini usiku wa pili wa likizo yao ya kwanza, baada ya kuendesha gari siku mbili, na karani akatazama majina, akatazama nyuso, akasema chumba kimepotea. Wakalala garini. Asubuhi yake, alisema, ndipo alipoamua kufungua ofisi.

Kwa hiyo hili ndilo la kwanza ninalowaachia. Msiamini bendera. Hoteli kuweka rangi za upinde wa mvua kwenye tovuti yake hakuigharimu kitu. Pigeni simu wenyewe, muongee na mtu wa mapokezi atakayekuwa zamu siku wageni watakapofika, muombe kitanda kimoja, kisha msikilize kile kimya kabla ya jibu. Kikiwa kifupi, andikeni jina lake. Kikiwa kirefu, shukuruni na mtafute kwingine. Daftari langu la vimya lina kurasa mia mbili na kidogo, nalo liko kwenye mtoto wa meza, chini ya mashine ya kubania karatasi.

Mengine ya zile siku yamekwisha na mengine hayajaisha. Zamani, kabla sheria haijawaruhusu kuoana, kila wawili niliwapa bahasha: karatasi ya mwanasheria kwamba huyu akiugua, yule ndiye wa kuulizwa. Niliwaambia waiweke kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu sanduku likipotea Frankfurt na mwenzako yuko hospitali Roma, karatasi iliyo Frankfurt haikufai. Sheria ilipobadilika ofisi ilijaa mabibi harusi na mabwana harusi wa miaka sitini, wakitaka fungate waliyoikosa wakiwa na thelathini. Tuliyeyuka kwa kazi kama siagi kwenye chapati ya moto. Lakini bahasha sikuiacha. Ndoa inayotambuliwa Minneapolis inaweza kuwa karatasi tu huko iendako ndege, na ni kazi yenu kujua wapi.

Sikukaa bila gharama. Palikuwa na bwana mmoja wa mtaa wa Cedar-Riverside, nitamwita Bwana Twaha, aliyekuwa akiniletea makundi ya umra, watu arobaini kwa mara moja. Alikuja akakaa, akakataa chai, nikajua. Akaniambia nichague, makundi yake au wateja hawa. Nikamwambia, "Bwana Twaha, mimi nauza viti vya ndege. Sijawahi kumuuliza mtu wa umra analala na nani, wala hawa sitawauliza." Aliondoka na makundi yake, na kwa miaka miwili kuna wanawake sokoni waliogeuka kutazama ndizi kila nilipopita. Kisha wakala wake mpya akaandika majina ya watu tisa tofauti na pasipoti zao, watu wakazuiwa uwanjani wakiwa na ihramu kwenye mabegi. Bwana Twaha alirudi. Safari hiyo chai alikunywa.

Doreen alipostaafu alihamia Duluth na Pat, na mimi nikabaki na meza ya dirishani. Mengi yalipita hapo, lakini nataka kuwasimulia moja tu kwa urefu, maana ndilo lililonifundisha nikiwa tayari nadhani nimekwisha kufundishwa.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi na moja, aliingia Nyambura. Ni muuguzi wa wagonjwa wa figo, mtu wa Nyeri, anakaa vyumba vya nyuma ya kanisa pale pale Hopkins. Alikuja na mkewe, Beth, dereva wa basi la shule, mwanamke mrefu ambaye hata kwenye mlango wetu aliinama kwa mazoea. Walikuwa wameoana miaka sita.

"Mama Aisha," Nyambura akasema, "nataka kumpeleka Beth nyumbani aone mathe."

"Nyeri?"

"Nyeri."

"Aende kama nani?"

Akaangalia mikono yake. "Kama rafiki wa kazi. Tuta-book rooms mbili."

Mama yake hakuwa anajua. Baba alikwisha kufa, na kaka mmoja alikuwa akijua, na huyo hakuwa akijibu simu. Sikumwambia asiende, mteja hakatazwi kwao. Nilimweleza sheria ya nyumbani inasema nini, nikamweleza na lile ambalo sheria haisemi: majirani, wapangaji, binamu mwenye simu ya kupiga picha.

"Wiki mbili utakuwa unaangalia mkono wako uko wapi," nikamwambia. "Hiyo si likizo, Nyambura. Hiyo ni zamu."

Beth akauliza nimesema nini. Nyambura akamfasiria. Beth akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Mwambie ni kweli. Nimechoka hata kabla ya kwenda."

Nikauliza, "Mama yako anaweza kusafiri?"

"Mathe hajawahi panda ndege."

"Sijakuuliza kama amewahi. Nimekuuliza kama anaweza."

Hivyo ndivyo tulivyofika Cape Town. Mkenya anaingia kule bila viza. Sheria yao inaitambua ndoa ya wanawake wawili, na mwezi wa pili huku tukiwa na theluji magotini, kule ni kiangazi. Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja, na mtu wa miaka sabini na mitatu asiyewahi kuruka hafai kubadilisha ndege. Palikuwa na suala la chanjo ya homa ya manjano, maana bila kile kikadi cha manjano anayetoka Kenya haruhusiwi kushuka, na kwa umri wake ilibidi daktari ampime kwanza. Daktari wa Nyeri akampima, akamdunga, akamgongea mhuri. Nilipiga simu nyumba ya wageni, mwenye nyumba akapokea, nikaomba chumba cha kitanda kimoja kwa wanawake wawili. Kabla sijamaliza alishauliza wanapendelea mto laini au mgumu. Nikaandika jina lake kwa wino.

Kosa langu lilikuja hapo. Nilimwambia Nyambura amweleze mama yake kabla ya kuondoka. "Ukimwambia kule," nikasema, "utakuwa umemfungia ugenini." Akasema kwa simu hawezi, ni lazima amtazame usoni. Akafunga koti lake aondoke, nikaliacha. Ningekuwa Doreen nisingeliacha. Msafiri ana haki ya kujua anakwenda wapi na anakwenda na nani. La kwanza nililishughulikia hadi namba ya kiti. La pili nililiacha kwa huruma.

Mama Nyambura mwenyewe niliongea naye kwa simu mara tatu, kumweleza mambo ya uwanja wa ndege.

"Wewe ni Mswahili wa Mombasa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi sema polepole. Nataka kubebea Nyambura nduma."

"Nduma zako, sisi tunaziita majimbi, hazivuki mpaka, mama. Watazichukua."

"Hata zikiwa zimechemshwa?"

"Hata zikiwa zimeliwa nusu."

Akaguna. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Huyo mtu anakuja na Nyambura, ni bwana yake?"

Nikamwambia, "Mama, hilo ni la Nyambura kukwambia. Mimi nina majina matatu na vyumba viwili."

"Vyumba viwili," akarudia. "Changu ni gani?"

"Chako ni cha chini, peke yako, hakina ngazi, na kuna birika la chai."

"Haya," akasema, akakata.

Walifika salama. Siku ya tano, Jumanne, saa tatu asubuhi kwetu, saa kumi na moja jioni kwao, simu ya meza yangu ikalia.

"Mama Aisha. Nibadilishie ndege. Nataka kwenda nyumbani."

Nyambura alikuwa amemwambia Jumapili, baada ya chakula. Tangu hapo mama hakuwa ametoka chumbani. Alikuwa akinywa chai ya lile birika na kula biskuti za kwenye ndege.

"Anasema huyo msichana mrefu ndio bibi yake. Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukanificha."

"Nilikwambia si langu kusema."

"Hiyo ni kuficha kwa adabu," akasema.

Wakati huo huo ujumbe wa Nyambura ukatokea kwenye kioo cha simu yangu: *Mathe akikupigia mwambie ndege zimejaa. Please, Mama Aisha.*

Nimefanya kazi na abiria wengi waliogombana, lakini kwa kawaida hugombana wao kwa wao, mimi nikiwa kando. Sasa nilikuwa katikati. Aliyeagiza safari ni Nyambura. Aliyekaa kitini ni mama. Na mbele yangu mashine ilikuwa inaonyesha wazi: Jumatano hakuna ndege, Alhamisi nafasi tisa. Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, zimejaa, na nani angejua? Mama wa watu angekaa. Pengine wangepatana. Pengine mngekuwa mnanisifu.

Nikamwambia, "Kesho hakuna ndege, mama. Keshokutwa Alhamisi ipo, saa saba mchana, na nafasi zipo."

"Nikatie."

"Naweza kukukatia sasa hivi, lakini nikikata, ile tiketi yako ya Jumatatu imekufa. Au naweza kukushikilia kiti mpaka kesho saa kama hii. Hakijakatwa, lakini kina jina lako."

"Mtu mwingine hawezi chukua?"

"Hawezi."

"Basi shika. Na usiniambie kesho ati kimeisha."

"Sitakwambia hivyo."

Nikashika kiti. Kisha nikamwandikia Nyambura: *Nimemwambia ukweli. Ana kiti cha Alhamisi mpaka kesho saa kumi na moja jioni ya huko. Zungumza naye sasa akiwa anajua anaweza kuondoka.* Akanijibu neno moja, *Nilikuamini*. Sikula mchana ule. Brian ataikumbuka siku hiyo, aliniletea sambusa nne, nikampa zote nne arudi nazo.

Jumatano nilifika ofisini kabla ya mwenye duka la kufulia. Mashine yetu haina huruma: saa ikifika, kiti kisichokatwa hurudi sokoni chenyewe. Saa tatu kasorobo, kimya. Saa tatu kasoro dakika tano, kimya. Nilikuwa nimeweka mkono kwenye simu kumpigia mimi, ndipo ikalia.

"Mama Aisha, unajua mzabibu?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mizabibu, mama?"

"Ile ya Biblia. Nimesoma habari yake tangu nikiwa darasa la pili na sijawahi ona hata mmoja. Leo nimeona."

Akanisimulia, na nitawasimulia kama alivyosimulia. Asubuhi alisikia Nyambura analia chumba cha juu. Kisha mlango wake ukagongwa, na aliyesimama ni yule mrefu. Kiingereza cha mama ni kidogo, na Kikuyu cha Beth ni maneno kumi, matatu kati yake ya chakula. Beth akaonyesha sanduku lililofungwa, akauliza kama alichukue. Mama akasema ndiyo. Beth akalibeba, akaliweka karibu na mlango wa nje, akasema polepole kwamba Alhamisi atampeleka uwanjani yeye mwenyewe, kwa kuwa gari walilokodi analiendesha yeye. Halafu akamuuliza kama kuna kitu angependa kuona kabla ya Alhamisi.

"Nikasema hakuna. Akakaa tu, hakuenda. Nikasema basi, mizabibu."

Walikwenda wawili. Nyambura alibaki. Mama ana kahawa shambani kwake, na kule mizabibuni alisimama na wafanyakazi akiwauliza, kwa Kiingereza chake kidogo na mikono, wanakata matawi lini na wanaacha macho mangapi ya kuchipua, akashika shina kwa mkono wake. Beth alikaa kwenye ukuta wa mawe akimngoja, saa nzima na zaidi, mkoba wa mama mapajani.

"Tukirudi kwa gari nikamuuliza, mama yako yuko? Akasema alikufa. Nikamuuliza, alijua mambo yako? Akasema alijua, akakataa kumwongelesha. Miaka tisa. Akakufa hivyo hivyo. Miaka tisa, Mama Aisha. Mimi nimefanya siku mbili na nimeona ni mingi."

Saa kwenye mashine ilikuwa imebakisha dakika moja na kitu.

"Hicho kiti," akasema, "achilia."

"Una hakika, mama?"

"Sijasema nimekubali. Nimesema achilia kiti."

Nikakiachilia kwa mkono wangu, sikuingoja mashine. Hodan, ulikuwa meza ya pili, uliniuliza nalia nini, nikakwambia ni vitunguu. Asubuhi ile hapakuwa na kitunguu hata kimoja ofisini.

Alikaa mpaka Jumatatu yake. Msidhani walirudi wakiwa wameshikana mikono. Nyambura alikuja kuniona mwezi wa tatu, peke yake, na pakiti ya zabibu kavu.

"Nilikukasirikia," akasema.

"Najua."

"Ungesema zimejaa angekaa tu."

"Angekaa. Na angekuwa amewekwa bila kuchagua."

Akafungua pakiti, tukala. Akaniambia mama alikula nao mezani siku zote zilizobaki, aliombea chakula kwa sauti, na aliposhuka Nairobi alituma ujumbe wa kusema amefika. Mama bado anamwita Beth *huyo dereva*. Lakini kila Jumapili akipiga simu huuliza dereva amekula nini.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, na kwa sisi wa safari si kawaida kujua mwisho. Mteja akirudi salama faili hufungwa. Lakini wiki yangu ya mwisho, nikiwa nafunga vitu vyangu kwenye sanduku la karatasi, Nyambura akapiga. Mama yake anataka kusafiri tena. Amechagua mwenyewe: Kigali, kwa sababu anaweza kwenda na kitambulisho chake cha Kenya na kurudi kabla ya kahawa kuiva. Nikamwambia sheria ya kule haiwagusi, macho ya watu ni jambo jingine, lakini watatu watapangika.

"Si watatu," Nyambura akasema. "Wanne. Anakuja na dada yake."

Dada huyo ana miaka sabini na minane na ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao. Hajui lolote. Nikaketi chini na koti langu.

"Nyambura, safari hii sikuachii. Nani atamwambia, na lini?"

"Mathe ameshasema. Atamwambia yeye, jikoni kwake, kabla hujakata tiketi hata moja. Akikataa, tunaenda watatu."

Faili liko juu ya meza ya Hodan. Tarehe zimeshaandikwa, majina bado.